Njia Tatu za Kufika Shinani

Jumanne, tarehe kumi na nne Januari. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu yamekaa chini, upepo hakuna. Kwenye ngazi za chuma zinazopanda kutoka duka la rangi hadi ofisini, maji yalikuwa yametuama kila kipandio. Mama Shina alipanda taratibu, mkono mmoja kwenye ukingo na mwingine kwenye mwavuli, akisikia simu ya mezani inalia huko juu. Ilikatika, ikalia tena. Ikakatika, ikalia.

"Anayepiga hivi," alijisemea, "ama amefiwa ama nyumba inaungua."

Hakuwa amefiwa. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana, na shule zilikuwa zimefunguliwa siku iliyotangulia.

"Nisikilize vizuri, mama," alisema yule mwalimu. "Mwalimu wangu wa kemia ana vipindi vitatu saa mbili asubuhi. Madarasa matatu kwa wakati mmoja. Nimemwita ofisini nikamtazama vizuri, ni mmoja tu. Halafu kidato cha pili mmewapangia michezo ndani ya maabara. Waruke juu ya chupa za asidi?"

"Samahani sana, mwalimu. Naomba nitazame kilichotokea."

"Tazama. Mimi nina shule nzima imesimama barazani inatazamana."

Kazi ya ofisi ile ilikuwa moja: kutengeneza programu ya kompyuta ya kupanga ratiba za vipindi. Shule huingiza majina ya walimu, madarasa na vyumba, programu inapanga, karatasi zinachapishwa na kubandikwa ukutani. Likizo yote Mama Shina alikuwa amekaa juu ya sharti moja tu ndani ya programu hiyo, sharti ambalo mtu wa nje angedhani ni la kitoto: kwamba mwalimu mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Ukiliona limeandikwa ni jambo la kucheka. Ukilitengeneza, lina mikia: yupo mwalimu wa zamu, yupo anayefundisha shule mbili, yupo wa muziki anayechukua madarasa mawili pamoja kwa makusudi. Alilimaliza wiki iliyopita, akalijaribu, akalijaribu tena, akaliweka mahali pake.

Sasa alifungua kompyuta kabla hajavua koti, akatafuta. Halikuwapo. Si kwamba lilikuwa limeharibika. Halikuwapo kabisa, kama mtu ambaye hajazaliwa.

Kuna hasira ya maziwa, ambayo hupanda hadi ukingo wa sufuria na ukizima moto inashuka. Ya Mama Shina haikuwa ya namna hiyo. Yake ilikuwa ya pasi: huioni ikiwaka, unaijua ukiigusa.

"Nani amegusa shina?" aliuliza, bila kupaza sauti.

Chumbani alikuwamo mtu mmoja tu, Mgeni, ambaye alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi, dada. Jana mchana. Niliweka ile nembo ya shule inayokaa juu ya karatasi."

Majina haya yana maelezo yake. Shina ni nakala kuu ya programu, ile moja ambayo shule zote hupelekewa. Anayetaka kubadili kitu anatakiwa akate tawi, yaani nakala yake ya pembeni, afanye kazi yake humo, kisha airudishe shinani bila kufuta kazi ya wenzake. Mama Shina ndiye aliyekuwa akilitunza shina, akilalamika kila lilipochafuliwa, na jina lile alipewa na mfanyakazi mwenzake kwa kejeli. Kejeli ikachakaa, jina likabaki. Hata mumewe alilitumia siku alizotaka kumchokoza.

Mgeni naye hakuwa mtu mmoja. Katika ofisi ile, aliyeajiriwa mwisho huitwa Mgeni mpaka aje mwingine, hapo ndipo anarudishiwa jina lake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walimpa majembe matatu siku ya kwanza, kila mwenyeji na lake. Kulikuwa na Mgeni mmoja aliyetoka kwenda kula chakula cha mchana asirudi, na koti lake lilibaki likining'inia nyuma ya mlango. Huyu wa sasa alikuwa mama wa mapacha. Alikuwa mpokea wageni hotelini miaka mingi, akajifunza kazi ya kompyuta huku analea, na alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio.

"Umeweka nembo," Mama Shina alisema. "Umeweka nembo nzuri juu, na chini umefuta kazi yangu ya likizo nzima. Umempaka mtu wanja huku umemkata miguu. Na Mzee jana jioni akachukua shina hivyo hivyo, akazipelekea shule zote."

"Nilipiga kengele, dada."

"Ulipiga nini?"

"Kengele. Kama ulivyonifundisha."

Kengele yenyewe ilikuwa kwenye rafu, ya shaba, yenye mpini wa mbao. Shule ya kwanza kabisa iliyonunua programu yao iliwapa kama zawadi. Enzi hizo walikuwa watu watatu katika chumba kimoja, na waliweka desturi: anayetaka kuweka kazi yake shinani apige kengele, wengine waondoe mikono mpaka aipige tena. Ilifaa wakati ule. Sasa vyumba vilikuwa viwili, na mmoja wao alifanya kazi ameziba masikio kwa muziki.

"Nani aliisikia?"

Mgeni alifikiri. "Wewe ulikuwa umempeleka mtoto zahanati. Bingwa alikuwa na muziki wake. Mzee alikuwa nje. Nilipiga, nikasubiri, sikuona anayenikataza."

"Kwa hiyo ulivipigia viti kengele."

Mgeni hakulia, na jambo hilo lilimuudhi Mama Shina zaidi, maana angelia angalau angejua pa kusimamisha maneno. Alimwambia mengi. Alimwambia kwamba kazi si vitafunio, huwezi kuchovya tu mkono. Alimwambia kwamba nembo ingeweza kungoja hata mwezi.

Bingwa aliingia wakati huo akijipangusa mvua usoni. Alikuwa kijana mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa mdomo, na ndiye aliyembatiza Mama Shina jina lake.

"Mbona nyuso hivi? Nani kafa?"

"Mwalimu wa kemia," Mama Shina alisema. "Kagawanywa vipande vitatu."

Bingwa alicheka, kisha akatazama kioo cha kompyuta juu ya bega lake, kicheko kikakatika. "Lo. Shina limefutwa." Alimgeukia Mgeni. "Dada, umelikoroga. Sasa ulinywe."

Mzee hakukawia. Huyo ndiye mwenye ofisi. Programu ya kwanza aliiandika mwenyewe sebuleni kwake, na hakuwa ameacha kuiandika hata alipoajiri watu wa kuiandika. Mwanamume wa karibu miaka sitini, mwenye miwani inayokaa kwenye paji la uso kuliko kwenye macho. Aliingia na koti la mvua linachuruzika, simu mkononi, na simu hiyo ililia mara mbili kabla hajafika katikati ya chumba. Hakuipokea.

"Nani?" aliuliza.

Bingwa alimwonyesha kwa mdomo.

"Binti," Mzee alimwambia Mgeni, taratibu, "kesho usihangaike kuja." Akamgeukia Bingwa. "Wewe kesho alfajiri uchukue gari langu, uzunguke shule moja moja, uwawekee programu upya na uwaombe radhi. Mama, wewe nirudishie shina kama lilivyokuwa."

Alipofurahi alimwita Mama Shina mwanangu. Alipokasirika alimwita mama.

Ukweli usemwe: neno lile la kesho usije lilimpoza Mama Shina. Anastahili, alijiambia. Akavua koti, akaketi, akaanza kurudisha.

Kazi yake haikuwa imepotea duniani, kwa kuwa alikuwa na nakala yake kwenye kompyuta aliyokalia. Lakini kuirudisha shinani bila kuifuta ile nembo kulichukua asubuhi yote, maana alikuwa mtu wa kuangalia mstari kwa mstari. Huku nje mvua, huku ndani simu. Kila shule iliyopiga ilikuwa na kichekesho chake na matusi yake. Moja ilikuwa na mwalimu wa dini aliyepangiwa kufundisha wakati uleule shuleni kwao na shule ya jirani. "Huyo ni mtu wa Mungu," alisema mwalimu mkuu, "lakini hajafikia kiwango hicho."

Alipokwenda kuchemsha maji alimkuta Mgeni kwenye kijichumba cha birika, anasuuza kikombe chake na kukifunga kwenye gazeti ili akiondoe.

"Nikuulize kitu kimoja," Mama Shina alisema. "Jana ulipotaka kuweka kazi yako, shina lilikukatalia. Lazima lilikukatalia, kwa sababu kazi yangu ilikuwamo na wewe hukuwa nayo. Kwa nini hukusimama hapo?"

"Lilikataa kweli. Nikalilazimisha."

"Nani alikwambia ulilazimishe?"

"Bingwa. Alisema shina lina maringo, likikataa lisukume kwa nguvu, litakubali. Akanionyesha jinsi ya kuandika amri ya kulilazimisha."

Mama Shina aliweka birika motoni. "Na tawi? Kwa nini hukukata tawi lako?"

"Mzee alisema matawi ni ya watu wenye muda. Alisema yeye huandika moja kwa moja juu ya shina, na mimi nifanye hivyo."

"Na mimi je?"

"Wewe ulisema nipige kengele."

"Sikukwambia uvute kwanza kazi mpya za wenzako ndipo uweke yako?"

Mgeni alisimama na kikombe mkononi, akatafuta kwa uaminifu kichwani mwake. "Hapana, dada. Ulisema, 'Piga kengele, kisha weka, utajua mwenyewe.' Sikujua mwenyewe." Alimalizia kukunja gazeti. "Mimi nilidhani ni njia moja. Nilidhani kila mmoja wenu ananipa kipande chake. Hotelini ndivyo ilivyokuwa: wa usiku anakuonyesha funguo, wa mchana anakuonyesha kitabu cha wageni, unaunganisha. Basi nikaunganisha. Cha Mzee mwanzo, chako katikati, cha Bingwa mwisho."

Maji yalianza kuchemka na hakuna aliyeyazima.

Hasira ya Mama Shina haikwisha pale. Ilihama nyumba tu. Aliona jinsi kosa lile lilivyoundwa: Mzee alitoa njia ya mkato, yeye akatoa kengele, Bingwa akatoa nguvu. Kosa lenye baba wawili na mama mmoja, na mtoto wamembebesha mpita njia. Na alimkumbuka yule aliyeacha koti nyuma ya mlango, namna alivyokuwa akiuliza swali lilelile mara tatu, kwa watu watatu, nao wakamcheka kwamba hasikii.

"Kifungue hicho kikombe," alisema.

"Dada, Mzee amesema."

"Kifungue, unywe chai kwanza. Huwezi kufukuzwa ukiwa na njaa."

Baada ya chakula cha mchana aliingia chumba cha Mzee bila kubisha, akamwita na Bingwa. Ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa wa mbao nyembamba; aliyekuwa upande wa pili angesikia hata mtu akikuna kichwa.

"Nina swali dogo," alisema. "Akija Mgeni mwingine mwezi ujao, anataka kuweka kazi yake shinani, tunamwambia aanze na nini?"

"Aandike tu," alisema Mzee.

"Asukume tu," alisema Bingwa.

Walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana.

"Na mimi ningemwambia apige kengele," Mama Shina alisema. "Mmesikia wenyewe."

"Mama, hayo ni maneno ya barazani," Mzee alisema. "Sisi nani alitushika mkono? Tulijifunza wenyewe."

"Tulikuwa watatu chumba kimoja, Mzee. Mtu akikohoa tulijua ameandika nini. Hilo hatukujifunza, tulizoea. Mazoea huwezi kumpa mtu kwa mkono."

"Tatizo si njia," Bingwa alisema, akiegemea mlango. "Tatizo mtu hafikirii. Kalikoroga mwenyewe."

"Kalikoroga kwa mwiko wa nani?"

"Mimi nilimwonyesha tu kwamba inawezekana."

"Ulimwonyesha panga, hukumwonyesha panapokatwa. Tena wewe mwenyewe mwezi wa kumi ulilazimisha, ukafuta kazi ya Mzee ya siku nzima, tukakusaidia kuirudisha kabla hajarudi kutoka msibani."

Mzee alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. "Kazi yangu ipi?"

"Ilirudi yote, Mzee," Bingwa alisema haraka. "Hata nukta haikupotea."

"Na wewe, Mzee," Mama Shina aliendelea, "unaandika juu ya shina wakati wowote, bila kumwambia mtu. Asubuhi nafungua nakuta nyumba ina mlango mpya. Halafu jana umechukua shina ukazipelekea shule bila kulijaribu hata mara moja. Mgeni alifuta. Aliyepeleka ni nani?"

Mvua ilikuwa imezidi, inapiga bati juu yao, na kwa muda hakuna aliyeweza kusema kitu bila kupiga kelele. Mzee alingoja ipungue.

"Unataka nini, mama?"

Alisema anachotaka. Kila mtu akate tawi, pasipo kuangalia umri wala cheo. Kila mtu avute kazi mpya za wenzake kabla ya kurudisha yake. Kazi ya mtu yeyote isiingie shinani mpaka mtu mwingine ameisoma na kuikubali. Na shina lenyewe lifungwe, kompyuta ikatae yenyewe, asiwepo wa kulilazimisha. Mgeni yeyote akija aambiwe hayo, na aambiwe hayo tu, na yeyote kati yao.

"Hata mimi nisilazimishe?" Bingwa aliuliza.

"Wewe wa kwanza."

"Na mimi?" Mzee alisema. "Mimi nifungiwe mlango wa nyumba niliyoijenga?"

"Utafungiwa. Na mimi nitajifungia."

"Na ufunguo atashika nani?"

"Mimi."

"Nilijua." Mzee alicheka bila furaha. "Basi na mimi nina sharti langu. Anayeshika ufunguo asisome kazi za watu. Sitaki mtu mmoja awe polisi, awe hakimu, na gereza awe nalo yeye. Ukishika ufunguo, kusoma wasome wengine. Wakishakubali, wewe unafungua, basi."

Mama Shina hakuona ubaya. Sharti lilikuwa na akili ndani yake, ingawa limetolewa kwa kumkomoa. "Nakubali. Na huyu dada anabaki."

"Huyo nimeshasema."

"Kosa moja haliachi mke, Mzee."

"Simwoi. Namwajiri."

Bingwa alicheka puani. Mama Shina alimtazama, naye akaacha kucheka.

"Umesikia mwenyewe alivyofundishwa," Mama Shina alimwambia Mzee. "Kafanya tulichomwambia, sote watatu, kwa utaratibu. Unamfukuza kwa utii?"

"Shule zinanipigia tangu asubuhi," Mzee alisema, na safari hii hakukasirika, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Zinataka kujua nimechukua hatua gani. Lazima niwape jina la mtu aliyeondoka."

"Wape langu."

"Lako nalihitaji."

Hapo ndipo Mama Shina alipogeuka kuelekea mlangoni. Si kwamba alishindwa hoja. Hoja alikuwa nazo za kujaza gunia. Ni kwamba neno lile lilikuwa la kweli na la kinyama kwa pamoja, na lilitamkwa kama sifa. Alitoka akaufunga mlango wa mbao kwa nguvu mpaka kalenda ikadondoka upande wa pili.

Mgeni alikuwa ameshavaa mkoba. Alikuwa amesikia yote.

"Asante kwa kunitetea, dada."

"Usinishukuru. Sijakupa kitu."

"Umenipa. Nitakakokwenda nitaulizia njia kwanza, kabla ya kuuliza kazi."

Akashuka ngazi taratibu, kwa sababu ya maji.

Kabla ya kuondoka jioni ile Mama Shina alilifunga shina kama walivyokubaliana. Alilijaribu mwenyewe kwanza, likamkataa. Akamwomba Bingwa alilazimishe kwa nguvu zake zote, likamkataa Bingwa naye. "Kweli lina maringo," Bingwa alisema, akaondoa mikono mezani.

Nyumbani mumewe, ambaye ni fundi wa majokofu, alikuwa barazani amefungua mgongo wa jokofu la jirani.

"Mama Shina huyo. Leo umerudi na pembe."

"Usianze."

"Sijaanza, nakusalimu. Pisha mwanga basi." Alichomoa waya, akautazama, akatikisa kichwa. "Hili limefunguliwa na mafundi wawili kabla yangu. Kila mmoja na rangi zake. Huyu nyekundu ni moto, huyu nyekundu ni baridi. Likimuua mwenye nyumba watasema fundi wa mwisho."

"Wewe nani kakusimulia habari za ofisini kwangu?"

"Hakuna. Kwani kumetokea nini?"

Akamsimulia. Alisimulia akiwa amesimama, mkoba begani, na mumewe aliacha kazi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umeshinda au umeshindwa?" aliuliza.

"Nimeshinda kufuli. Mtu nimempoteza."

"Basi kula, mke wangu. Hasira haikai vizuri kwenye tumbo tupu, inakunja kona."

Alikula. Hasira haikutoka.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, mvua ilikuwa imekatika na Mama Shina alikuwa anapiga pasi sare ya mtoto wake simu ilipoita. Alikuwa Mzee.

"Shina linanikataa," alisema, bila salamu.

"Ndiyo, Mzee. Tulilifunga jana."

"Nimeamka mapema nimeirekebisha ile habari ya maabara. Yule mwalimu mkuu wa wasichana nimemwahidi ataipata kabla ya kipindi cha tatu. Nifungulie dakika moja niweke."

"Umekata tawi?"

"Nimekata, nimekata. Nimevuta na kazi zenu, kila kitu kama ulivyotaka. Fungua."

"Nani ameisoma?"

"Isome wewe."

"Anayeshika ufunguo asisome. Maneno yako hayo."

Upande wa pili kiti kilivutwa. "Bingwa yuko shuleni amezungukwa na walimu. Hapokei simu."

"Wewe ndiye uliyemtuma."

"Unanifanyia makusudi, mama."

"Sijafanya chochote, Mzee. Napiga pasi." Aligeuza kola ya shati. Hakuwa amepanga hili, na alipoliona lilivyokaa alishika pasi kwa nguvu zaidi. "Yuko mtu mmoja mwingine anayejua kuisoma kazi yako. Unamjua."

"Nimeshamfukuza."

"Basi namba yake unayo."

Simu ilikatwa. Mama Shina alimaliza shati, akamvika mtoto, akampeleka shule, akapita njia yake ya kila siku bila kuongeza mwendo. Alipopanda ngazi alimkuta Mgeni amekaa mezani pake, hata mkoba hajautoa begani, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Alinipigia," Mgeni alisema. "Akasema, 'Njoo usome kazi yangu.' Nikamwambia, Mzee, jana umenifukuza. Akasema hilo amelifuta."

"Samahani aliitaja?"

"Hiyo hapana."

"Hataitaja. Soma."

Mgeni alisoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Baadaye kidole kikasimama. "Dada, hapa ameifunga maabara kwa kila mtu. Michezo haiingii, sawa, lakini na kemia pia haiingii. Au kuna kitu sijaelewa?" Aliteremsha sauti. "Nimrudishie? Ni Mzee."

"Usiniulize mimi. Mimi nashika ufunguo tu."

Mgeni aliandika swali lake, akairudisha kazi kwa Mzee. Haukupita muda ngazi zikalia kwa viatu vizito, na Mzee akatokea mlangoni anahema, miwani kwenye paji la uso.

"Imeingia?"

"Imerudi kwako," Mama Shina alisema. "Ina swali."

Mzee alimtazama yeye, akamtazama Mgeni, akafungua kinywa. Mgeni alisimama nusu, kisha, kwa jinsi Mama Shina alivyomkazia macho, akaketi tena.

"Lijibu, Mzee," Mama Shina alisema. "Akikubali nitafungua."

Kisha akageuza kiti chake kuelekea kioo, akakunja mikono juu ya meza, na akangoja.